Wanawake Wote Wakawa Mama Wakwe

Nyakahanga, Karagwe,
kwa njia ya Bukoba.
Tarehe 9 Septemba, 1913

Mpendwa dada yangu Zuena,

Barua yako ilifika Jumanne, imelowa pembe moja na inanukia karafuu, nikajua uliilaza sandukuni siku kadhaa kabla ya kumpa mtu wa meli. Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba, mdogo wangu, na marahaba ya pili ni ya mwaka jana, ambapo ulisahau kuniamkia. Je, lile jicho la kushoto limeacha kutoa machozi? Na mwanao Shufaa, amejifungua salama? Ukijibu anza na hayo mawili, mengine yafuate.

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia ambalo halipatani na baridi ya milima hii. Chakula ni ndizi za kupikwa asubuhi, ndizi za kupikwa jioni, na akija mgeni wa heshima, ndizi za kupikwa. Binamu yetu Hatibu na mkewe Mwajabu hawajambo. Duka lao la chumvi na nguo liko karibu na darasa langu, naye kila asubuhi huniita Abdulrahim kwa sauti ya mwadhini, ili wanafunzi wanaonijua kwa jina la Silwano wapate kusikia.

Sasa swali lako. Unasema Hatibu amekuandikia kwamba Wakristo wa huku wakimwona mwanamke hukimbilia migombani kama kanga, na unataka kujua kama ndivyo dini yangu inavyofundisha, na kama mimi nami, na mvi zangu, nakimbia. Nitajibu la mwisho kwanza: sikukimbia. Goti halikuniruhusu. Hilo jingine linahitaji maelezo, nawe unanijua nikipewa nafasi ya kueleza. Tandika mkeka ukae.

Kwanza ujue desturi. Kwa Wanyambo, wenyeji wa huku, mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mkwe huiacha njia, huingia kwenye migomba, hujifunika uso, na salamu huzitoa humo humo akiwa amempa kisogo. Usidhani ni chuki. Ni heshima kubwa, na mama mkwe asipofanyiwa hivyo huenda kushtaki. Mimi nimeishi hapa miaka mitatu na sasa naiona ni adabu nzuri, ingawa mwanzoni niliposikia mgomba unamwuliza bibi mmoja habari za nyumbani nilidhani nina homa.

Mwezi wa Julai, katika darasa la ubatizo, nilifika kwenye fundisho la Bwana wetu juu ya tamaa. Watu wengi hudhani uzinzi huanza mlango unapofungwa. Yeye alifundisha kwamba huanza mapema zaidi: mwanamume akimtazama mwanamke kwa kumtaka, huko moyoni tendo limekwisha kufanyika. Utaniambia hata sisi tulifundishwa utotoni kuinamisha macho, na ni kweli. Lakini fundisho hili lina ncha ya pili. Kama dhambi makao yake ni ndani, basi yule mtu aliye safi kwa nje, asiyeiba, asiyelewa, asiyeingia nyumba ya jirani, hana cha kujivunia mbele ya Mungu. Anahitaji rehema sawa na mwizi. Hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha wanafunzi wangu kumi na mmoja. Nilianza umande ukiwapo, nikamaliza jua likiwa utosini. Wawili walilala. Bitegeko hakulala.

Huyu Bitegeko ni kijana wa miaka ishirini na tano hivi, mtengenezaji wa nguo za magome ya miti. Siku nzima anapiga gome kwa nyundo ya mti mpaka lilainike, na mikono yake ni kama miguu ya meza. Ndiye mwanafunzi wangu bora, na taabu ni kwamba analijua hilo. Aliacha pombe ya ndizi kabla sijamwambia. Alizitupa hirizi zake, kisha akazitupa na za mjomba wake bila kumwuliza. Arusi yake na Kemilembe, binti wa Mzee Kaijage wa Chonyonyo, ilikuwa imepangwa mwezi huu wa Septemba, naye alitaka sana abatizwe kabla yake ili aingie katika ndoa akiwa, kwa maneno yake mwenyewe, hana doa hata moja.

Akanyosha mkono. "Mwalimu, dhambi hii inaingilia wapi?"

"Kwa macho," nikasema.

"Basi dawa tunayo, tena ya nyumbani. Je, kuna mtu hapa anayemtamani mama mkwe wake?"

Darasa zima likaguna kwa kutishika. Wale waliolala wakaamka.

"Mnaona? Na kwa nini hatumtamani? Kwa sababu hatumtazami. Basi wanawake wote na wawe mama wakwe zetu, mambo yamekwisha."

Zuena, hapa nakuungamia wewe kabla sijaendelea. Nilikuwa na njaa. Nilisikia harufu ya ndizi zinazoiva kwa Mwajabu. Badala ya kumwambia palepale kwamba amekosea, nilisema, "Ni wazo zuri, mwanangu, lifikirini," nikafunga darasa kwa sala fupi. Mwalimu mzima!

Hawakulifikiri. Walilitenda kesho yake.

Njia ya kwenda kisimani inapita kati ya vibanja, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Asubuhi ile wanawake walipokwenda kuteka maji walikuta njia tupu, na migomba ya pande zote mbili ikiwaamkia kwa heshima na kuwauliza wajukuu hawajambo. Mabinti wa miaka kumi na sita wakaulizwa habari za wajukuu! Siku ya kwanza waliogopa. Siku ya pili walicheka mpaka wakamwaga maji. Kufikia siku ya tatu walikwisha kugundua mchezo, ikawa mabinti wanaondoka na mitungi mitupu, wanapita, wanarudi, wanapita tena, ili tu wawaone wanaume wazima wakiruka.

"Mkwe wangu uliyemo humo!" mmoja akaita. "Siafu hawajakupata?"

"Hawajanipata, mama," mgomba ukajibu.

"Basi ngojea kidogo, nimewaona wanakuja."

Mwanafunzi mmoja aliruka bila kutazama akaingia katika shimo la kuivishia ndizi za pombe, akatoka humo amezingirwa na nyuki. Mwingine, mtu mfupi mwenye wake wawili, alianza kuwakimbia hata wake zake, nao wakakubaliana kwamba mama mkwe hampikii mkwe wake, wakamwacha siku mbili na njaa.

Dukani kwa Hatibu mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana anayeuza ni Mwajabu. Wanafunzi wangu waliingia kinyumenyume, wakanyosha mkono nyuma wakitaka chumvi, na mmoja aliyerudi nyuma kwa bidii mno aliangusha rafu nzima ya sufuria. Hatibu akaja kunitafuta akiwa ameshika sufuria iliyobonyea.

"Abdulrahim," akasema, "juma zima tumeuza chumvi kwa migongo ya watu. Sisi tuliambiwa tuinamishe macho. Macho, ndugu yangu! Nani amewaambia hawa wainamishe mwili mzima na kuuingiza shambani?"

Nikaitazama sufuria.

Vikongwe nao walikuwa na akili zao. Mama mkwe ana haki zake: mkwe akivuna humpelekea mkungu, akichinja humpelekea nyama. Kikongwe mmoja mwenye meno mawili, ambaye Bitegeko alimwamkia kutoka migombani, alikwenda siku hiyohiyo kwa mama yake Bitegeko akaketi uani. Alipoulizwa anataka nini, akasema hana haraka, anangoja mkungu wake. Akapewa. Kesho yake wakaja wanne.

Nilipaswa kuwakusanya wanafunzi na kukiri kosa langu. Nilisema nitangoja Jumapili, nieleze vizuri kwa utaratibu. Jumapili ilinikuta nimechelewa.

Ijumaa Bitegeko alikuwa akirudi kutoka kukata magome, akasikia hatua za mwanamke zinakuja. Akaruka migombani, akajifunika jani usoni, akageuka. Hatua zikasimama. Naye, kwa sauti ya adabu, akasema, "Uko salama, mama? Na watoto wako hawajambo?"

Alikuwa Kemilembe. Na hatua kumi nyuma yake alikuwa baba yake, Mzee Kaijage, pamoja na wazee wawili wa Chonyonyo, waliokuja kuzungumza habari za arusi.

Kaijage ni mtu mtaratibu. Alimwuliza binti yake, "Huyu amekuita nani?"

"Mama," Kemilembe akasema. "Tena ameniuliza watoto wangu."

"Amekuonyesha uso?"

"Kisogo, baba. Nacho kina siafu."

Bitegeko alipotambua sauti hiyo alitoka nje mbio, lakini jambo lilikwisha kufanyika, tena mbele ya mashahidi. Kwa desturi ya huku, mwanamke uliyemfanyia adabu ya ukwe amekuwa mama kwako. Huwezi kumwoa, kama usivyoweza kumwoa mama aliyekuzaa. Kaijage akatoa uamuzi wake palepale njiani: "Mama yake Kemilembe ni mkwe wako. Sasa na Kemilembe ni mkwe wako. Nyumba yangu nzima imejaa wakwe zako, mke hamna. Nenda kwenu kwa amani." Na mbuzi wa uchumba akarudishwa, amenenepa kuliko alivyokwenda.

Nilimkuta Bitegeko kesho yake chini ya mti wake, ule unaotoa gome la nguo, nyundo iko chini. Nilitegemea kilio. Nikakuta kiburi.

"Mwalimu," akasema, "nimepoteza mke kwa ajili ya haki. Mbinguni wameona."

Nikaketi, kwa taabu ya goti. Nikamwambia, "Mwanangu, kabla hatujafika mbinguni, niambie habari za ndani. Siku hizi kumi na mbili ambazo hukumtazama mwanamke, moyo umetulia?"

Akaokota nyundo, akaiweka tena. Kisha uso wake ukabadilika, nikaona yule mwanafunzi bora ameondoka na amebaki kijana.

"Mwalimu, usimwambie mtu."

"Sema."

"Zamani mwanamke akipita, namwona, namwambia habari za asubuhi, anajibu, anapita, mimi narudi kupiga gome langu. Sasa nimekaa ndani ya migomba, nasikia miguu tu. Miguu haina uso. Basi mimi mwenyewe naitengenezea uso. Na uso ninaoutengeneza, mwalimu, hakuna mfano wake Karagwe yote. Yule bibi wa meno mawili! Nilimpenda tangu asubuhi mpaka alipokohoa."

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe, nikajikaza. Hili ndilo nililoshindwa kulifundisha kutoka umande mpaka jua la utosi, naye amelipata mwenyewe kwa kukaa na siafu. Macho hayakuwa na kosa. Macho ni mlango tu, na ukiufunga mlango, aliye ndani anabaki ndani, tena anapata faragha.

Nikamwuliza habari ya kazi yake. "Ukiuvua mti huu gome lake, unaufanyaje?"

"Naufunga majani ya mgomba, usikauke."

"Na gome jipya unalishona wewe?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa na Hatibu. "Gome halishonwi, mwalimu. Linaota lenyewe kutoka ndani. Mimi nafunika tu na kungoja."

"Basi haki ya mtu nayo ni hivyo. Wewe ulitaka kujishonea. Mungu huiotesha kutoka ndani, kwa aliyekubali kwanza kwamba amevuliwa na yu uchi."

Akaupapasa mti wake. Halafu akasema, "Sawa. Lakini Kemilembe ndiyo nimemkosa?" Na hapo machozi yakaja, mengi, mpaka nikaona haya kwa mifano yangu.

Nikajikuna kichwa. Nikamwambia, "Niambie kweli. Ulipojificha bila kujua ni nani anayepita, ulijificha kwa heshima ya ukwe?"

"Hapana. Nilijificha kwa kuogopa tamaa."

"Je, kuna mtu anayejificha kwa mama mkwe wake kwa kuogopa tamaa?"

"Mwalimu! Laana!"

"Basi wewe hukumfanyia mtu adabu ya ukwe. Ulifanya kitu kingine kilichofanana nayo. Ukiendelea kusema ulitenda haki, Kemilembe ni mama yako. Ukikiri ulichokuwa nacho moyoni, ni mchumba wako. Chagua."

Akabadilika rangi. "Nikiri mbele ya Mzee Kaijage? Kwamba nilikuwa na tamaa?"

"Mbele ya Kaijage na wazee wake. Na mama mkwe wako wa kweli, nadhani, atakuwa nyuma ya ukuta wa matete, anasikia."

Jumatatu tukaenda Chonyonyo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu mizima na wa asubuhi mbili kwa goti langu. Wanafunzi wengine wote walitufuata kwa huruma, au kwa kutaka kuona. Hatibu naye alifunga duka akaja. Alisema ana mteja wa kitambaa huko, ingawa sikuona kitambaa.

Tulipewa kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi kwa mgeni, tukaketi uani. Bitegeko akasimama. Yule mtu ambaye darasani hujibu kabla swali halijaisha, akaanza mara mbili akaacha.

"Mzee," akasema hatimaye, "siku ile sikujificha kwa heshima. Mimi si mtu safi kama nilivyojisema. Nilijificha kwa sababu moyoni nina tamaa, na niliogopa watu wasije wakaiona."

Kaijage akatafuna kahawa yake mpaka ikaisha. "Ulimtamani Kemilembe?"

"Ndiyo, mzee."

"Huyo ni mchumba wako, si habari. Na wengine?"

Bitegeko akanitazama. Mimi nikatazama mlima.

"Na wengine, mzee."

"Wengine nani?" Kemilembe akauliza kutoka mlangoni, hata baba yake hakuwahi kumnyamazisha. "Mtaje mmoja!"

"Bibi wa meno mawili," Bitegeko akasema, kijasho kikimtoka.

Pale uani pakavurugika. Hatibu alipaliwa na kahawa, ikabidi apigwe mgongoni. Mzee mmoja alilala ubavu kwa kicheko. Na nyuma ya ukuta wa matete ikasikika sauti ya mama yake Kemilembe, ambaye kwa desturi haruhusiwi kusema na mkwe wake, kwa hiyo alisema na ukuta: "Wewe ukuta, mwambie mume wangu kwamba tangu niolewe katika nyumba hii, huyu ni mwanamume wa kwanza kusema kweli juu ya jambo hili hapa uani."

Kaijage akashauriana na wazee wake, akarudi. Akasema hapakuwa na ukwe. Palikuwa na mpumbavu aliyejificha migombani, na mpumbavu hakatazwi kuoa.

Lakini Kemilembe hakuwa amemaliza. Akatoka mlangoni akasimama mbele ya Bitegeko. "Mimi si mama yako, wala si miguu inayopita. Nitazame, uniamkie kama mtu."

Bitegeko akainua macho. Alimtazama kwa taabu, kama mtu anayetoka gizani. "Habari za asubuhi, Kemilembe," akasema. Na saa hizo jua lilikwisha kupinda.

"Nzuri," akajibu, akarudi ndani. Zuena, nimefundisha miaka ishirini na sijaona somo lililoeleweka kuliko hilo.

Nikadhani yamekwisha, nikaanza kuitafuta fimbo yangu. Ndipo Mzee Kaijage akanigeukia, mbele ya wanafunzi wangu kumi na mmoja, mbele ya Hatibu, mbele ya ukuta wenye masikio.

"Na wewe, mwalimu," akasema. "Una mvi, una elimu, ndiwe uliyewaletea habari hizi. Wewe ulikwisha kupona ugonjwa huo?"

Unanijua. Nilikuwa na maelezo tayari, yenye mwanzo na sehemu tatu. Nikawatazama vijana wale wanaoniita baba, nikaona wote wanangoja, vichwa wameviinamisha kwa aibu ya kuwa wao tu ndio wagonjwa.

"Sijapona," nikasema.

Vichwa vikainuka, kimoja kimoja, mpaka vyote kumi na moja.

Mchungaji atakuja kutoka Bukoba mwisho wa mwezi kubatiza, na arusi itafuata juma hilohilo. Njia ya kisimani sasa ina watu, na wanasalimiana wakitazamana.

Nisalimie Shufaa na aliyezaliwa, mume wako Shaaban na magoti yake, ambayo nasikia ni ndugu wa goti langu, na jirani zetu wote wa upande wa msikitini. Mwajabu anakutumia kahawa kidogo ndani ya kitambaa. Hatibu anasema yote aliyoandika ni kweli, na mimi nasema alipunguza. Mwenyezi Mungu, ambaye wewe na mimi humwomba kwa maneno mbalimbali, akupe macho mazima na moyo mwepesi, na akituona jinsi tulivyo ndani, asituache.

Ni mimi kaka yako akupendaye siku zote,
Silwano,
ambaye wewe utaendelea kumwita Abdulrahim.